Dada wa Safari anajibu: Mwaka mzima Ujerumani, unaingia na karatasi gani?

Wadau habari za saivi. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba niliwahi kusoma mwaka mmoja Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, basi toka siku ile simu haijapumzika. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaficha kama kawaida yetu, na kwa vile karibu wote mnauliza Ujerumani basi ukurasa wa leo wote ni Ujerumani, wa Uturuki na China mnivumilie.

"Dada mambo. Nipo mwaka wa pili chuo hapa Dar, nimechaguliwa kwenda Ujerumani kuanzia Oktoba mpaka Julai. Kuna jamaa yetu hosteli anasema viza ya muda mrefu inachelewa sana, bora nichukue ile ya siku 90 inayotoka ndani ya wiki mbili, nikishafika nabadilishia kulekule. Anasema kuna mshkaji wa Kijapani alifanya hivohivo na hakuguswa. Nifanyeje, muda unaenda." (Mwenye Haraka, Ubungo)

Poa mdogo wangu. Usithubutu.

Ile ya siku 90 ni viza ya Schengen, yani ya zile nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, ina herufi C, na inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, ni ya mtu anayeenda kutembea, harusi, mkutano, kozi fupi. Wewe unakaa miezi 10. Ukivuka siku 90 unahitaji viza ya taifa, herufi D, hiyo inatolewa na Ujerumani yenyewe kwa sheria zake, na C haigeuki kuwa D ukiwa ndani ya nchi, ukienda ofisini kwao kuomba ugeuziwe watakwambia rudi kwenu ukaanze upya. Hapo umeshalipa nauli, umeshalipa chumba, masomo yameanza, na kwenye fomu ya C ulishaandika unaenda kutembea wakati barua ya chuo unayo mfukoni, kwaiyo hata ukiomba D baadae faili lako lina doa.

Sasa huyo Mjapani. Stori yake ni ya kweli kabisa na ndio maana inawapoteza wengi. Kuna nchi chache ambazo Ujerumani imeziruhusu raia wake waingie bila viza kabisa alafu waombe kibali cha kukaa wakiwa hukohuko: Japani, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Israeli, Korea Kusini, Uingereza. Pasipoti yetu haimo, ya Kenya haimo, ya Uganda haimo. Darasani nilikuwa nakaa na Mkorea aliyeingia na begi tu, nikamwambia mimi nilianza kukusanya karatasi miezi 5 kabla akadhani natania.

Kwanini D inachelewa? Kwa sababu ubalozi hauamui peke yake, faili linatumwa mpaka ofisi ya wageni ya mji unaoenda kukaa, wale nao waseme ndio, alafu lirudi Dar. Jipe miezi 3, ikitoka mapema ushukuru. Masomo kule yanaanza katikati ya Oktoba japo semista yenyewe kwenye kalenda inaanza tarehe 1, sasa wewe hesabu kurudi nyuma uone kama barua yako ya Mei unaweza kuikalia mpaka Agosti. Ila kama unalipiwa na skolashipu ya hela za umma za Ujerumani au za Umoja wa Ulaya, sema mapema kabisa, maana mara nyingi hiyo safari ya faili kwenda ofisi ya wageni inarukwa na hata ada ya viza unasamehewa. Asiyesamehewa ni yuro 75.

Toka Januari 2025 Ujerumani wamefungua maombi ya viza za muda mrefu kwa mtandao kwenye balozi zao zote zinazotoa viza, unapandisha pdf zako, wanakagua, kikipungua kitu wanakwambia, alafu ndio unaitwa kwa ajili ya alama za vidole, karatasi halisi na malipo, ubalozini kwao hapa Dar, pale Umoja House kwenye kona ya Mirambo na Garden Avenue. Miadi haiuzwi! Mtu akikwambia elfu hamsini akupatie nafasi ya karibu, unaingizwa mjini.

Karatasi zenyewe ni hizi, andika: pasipoti isiyozidi miaka 10 toka itolewe na yenye kurasa 2 tupu, fomu, picha za 35 kwa 45, barua ya chuo cha kule, barua ya chuo chako kwamba bado ni mwanafunzi wao na watakupokea ukirudi, vyeti, CV, barua ya nia, ushahidi wa hela, bima. Zinaonekana nyingi ila nusu yake unazo kwenye begi saivi. Inayoua watu ni ya hela, na msomaji anayefuata kaiuliza vizuri.

"Shikamoo dada. Nimepata skolashipu ya yuro 850 kwa mwezi kwa miezi 10. Nikajua nimemaliza, ubalozi wanasema haitoshi. Baba mdogo wangu ana biashara, nimeambatanisha taarifa yake ya benki ya miezi 6 ina milioni 40, wamesema hiyo pia hawaipokei. Wanataka nini sasa hawa watu?" (Mfadhiliwa Nusu, Mwanza)

Marahaba mdogo wangu, pole na hongera kwa pamoja.

Wanataka kuona yuro 992 kwa mwezi. Hicho ndio kiwango toka Septemba 2024, kwa mwaka ni 11,904. Haijalishi wewe unakula ugali mara moja kwa siku, kiwango ni hicho. Wewe una 850 kwaiyo unapungukiwa 142 kila mwezi, zidisha kwa 10 ni yuro 1,420. Hiyo tu. Hutakiwi kutafuta elfu kumi na moja, unatakiwa kuziba pengo, na nimegundua watu wengi wanaambiwa "haitoshi" wanakata tamaa palepale bila kupiga hesabu pengo ni shilingi ngapi.

Taarifa ya benki ya baba mdogo wanaikataa kwa sababu leo ina milioni 40 kesho ananunua mzigo wa mchele inabaki elfu 40, na wewe uko kule. Wanataka hela ambayo haiwezi kukimbia. Ndio maana kuna kitu kinaitwa Sperrkonto, ni akaunti ya Ujerumani unayoifungua ukiwa hapahapa nyumbani, unaweka hela yote kwa pamoja inafungwa, ukishafika na kufungua akaunti ya kawaida ndio inaanza kukudondoshea kila mwezi kiasi chake. Hata wewe mwenyewe huwezi kuitoa yote siku moja. Ukinyimwa viza inafunguliwa hela inarudi, ukipeleka ile barua ya kukataliwa.

Hapa sikiliza vizuri maana hapa ndio niliumia mimi. Nilituma kiasi kilekile walichoandika, yuro kwa yuro, nikatoka benki natembea kifua mbele. Baada ya siku 5 emaili inakuja, hela imefika pungufu ya yuro 18, akaunti haiwezi kuthibitishwa. Yule dada wa kaunta hakuniambia kuwa hela ikitoka kwetu inapita benki nyingine njiani na ile benki ya njiani inajikatia chake kimyakimya. Nikalazimika kutuma tena yuro 18, na kuzituma hizo 18 nililipa ada kubwa kuliko zenyewe, wiki 3 zikapotea nasubiri karatasi moja tu ya uthibitisho. Kwaiyo kwenye fomu ya benki kuna sehemu wanauliza gharama analipa nani, weka mtumaji alipe zote, alafu ongeza na yuro 50 juu. Zitabaki ni zako tu.

Njia ya pili kama una ndugu anayeishi Ujerumani: anaenda ofisi ya wageni ya mji wake na salari slipu zake, mkataba wa nyumba, anasaini karatasi inaitwa Verpflichtungserklärung, yani anaahidi mbele ya serikali kwamba wewe ukikwama gharama zako ni zake. Analipa yuro 29 anakutumia karatasi halisi kwa DHL, sio picha ya WhatsApp. Inakubalika vizuri. Ila hiyo ahadi inamkaba miaka 5, na serikali ikitumia hela kwa ajili yako wanamdai yeye. Mjomba wa Hamburg akisita kusaini usimnunie, kasoma alichowekewa mbele yake.

"Mwanangu habari za kazi. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, amepata nafasi ya kwenda kukaa na familia Ujerumani mwaka mmoja wa shule. Baba yake tuliachana na sijui aliko. Nimesikia watoto wana utaratibu wao, naomba unieleweshe taratibu, mimi sio mtu wa mitandao." (Mama wa Binti, Moshi)

Shikamoo mama, na hongera sana kwa kulea.

Viza ni ileile ya D, ila kwa aliye chini ya miaka 18 ada ni nusu, yuro 37 na senti 50. Barua ya chuo inakuwa barua ya shule atakayosoma, na inaongezeka barua ya familia inayompokea na anuani yao kamili. Gharama za maisha mara nyingi familia hiyo ndio inasaini ile ahadi niliyomwelezea kijana wa Mwanza hapo juu, au taasisi inayompeleka inaandika kwamba inabeba, muulize aliyempa nafasi mapema ni ipi kati ya hizo mbili, usikubali jibu la "usijali mama tutaangalia".

Kubwa kwako ni sahihi ya baba. Wanataka ridhaa ya wazazi wote wawili kwa maandishi, na cheti cha kuzaliwa kinaonyesha majina ya wote wawili. Mzazi akiwa amefariki unaweka cheti cha kifo. Akiwa hajulikani alipo, maneno yako peke yako hayatatosha hata kama ni ya kweli kabisa, unahitaji amri ya mahakama kwamba malezi ya mtoto ni yako. Anzia ustawi wa jamii hapo wilayani kwenu, wao ndio watakuonyesha njia ya mahakama ya watoto, na uanze wiki hii mama yangu maana hicho ndio kitu cha kuchelewa kuliko vyote kwenye faili lako, vingine vyote binti anaweza kuvikusanya likizo moja.

La pili ambalo hakuna anayekwambia: surua. Toka Machi 2020 Ujerumani wana sheria kwamba mtoto haingii shule bila kuonyesha amechanjwa surua, na wanataka dozi 2. Haiombwi kwenye viza, inaombwa mlangoni mwa shule, ndio maana watu wanashtukia wakiwa wameshafika. Chukua kadi ya kliniki ya binti, ile ya zamani yenye madoa ya chai, angalia. Watoto wa umri wake wengi wana surua moja tu ya miezi 9, kwa sababu ile ya pili ya miezi 18 iliingizwa kwenye ratiba yetu mwaka 2014 wao wakiwa wameshakuwa wakubwa. Inawezekana kabisa alichomwa ile kampeni ya surua na rubela ya Oktoba 2014, lakini mkono hauna risiti, kama haikuandikwa kwenye kadi kwao haipo. Mpeleke kituo cha afya achomwe, waandike tarehe, aina ya chanjo na muhuri, basi. Kuna na kipimo cha damu kinachoonyesha kinga kinakubalika pia ila kwanini ujisumbue. Na wanaosoma udaktari au uuguzi mnaoenda kufanya mazoezi hospitali kule, sheria hiyo inawahusu na nyinyi, msijifanye hamkusoma hapa.

"Dada salam. Pasipoti yangu imeandikwa ABDALLA, cheti cha kidato cha nne kimeandikwa ABDALLAH, na chuo cha Ujerumani wameandika jina la babu kama ndio jina la ukoo na jina la baba wameliacha. Nibadilishe pasipoti?" (Mwana wa Unguja)

Waalaykumu salam. Hapana, pasipoti usiiguse. Pasipoti ndio mama wa karatasi zote, nyingine zote zinaifuata yenyewe.

Anza na iliyo rahisi: waandikie chuo cha kule emaili fupi, ambatanisha picha ya ukurasa wa pasipoti, waambie naomba barua iandikwe kama ilivyo humu. Ni bure, na kwa uzoefu wangu ofisi za wageni za vyuo zinajibu haraka kuliko ofisi yoyote nyingine utakayokutana nayo kwenye safari hii. Wenzetu wana jina lao na la ukoo wamemaliza, mtu mwenye majina matatu anawachanganya, kwaiyo usiwaachie wachague, waambie jina la ukoo ni lipi kama lilivyo kwenye zile mistari miwili ya chini ya pasipoti yenye alama kama vidomo vya ndege, hiyo mistari ndio mashine inasoma. Tiketi ya ndege, bima na Sperrkonto nazo andika hivohivo, herufi kwa herufi.

Cheti cha shule chenye H ya ziada huwezi kukibadili kirahisi na huna haja, nenda kwa wakili ukaape kiapo kwamba Abdalla na Abdallah ni mtu mmoja, kiwe kwa Kiingereza. Cheti cha kuzaliwa kama kina kosa kubwa kuliko hilo, mfano mwaka, hapo ndio itabidi uende kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, wa bara ni RITA. Karatasi yoyote iliyo kwa Kiswahili tupu itafsiriwe, na asitafsiri shemeji yako.

"Mbona nimeambiwa ninunue bima mara mbili? Huu si wizi?" (Msomaji, Arusha)

Sio wizi. Bima ya umma ya wanafunzi kule inaanza pale semista inapoanza, tuseme 1 Oktoba. Wewe unatua tarehe 20 Septemba kutafuta chumba. Hizo siku 11 ukiteleza kwenye ngazi ni nani analipa? Ndio bima ya kwanza hiyo, ya safari, angalau ifike yuro 30,000, unaonyesha ubalozini. Ya pili ndio ya mwaka mzima, kama yuro 150 kwa mwezi, bila hiyo chuo hawakusajili. Ukiwa umefika miaka 30 ile ya umma ya bei ya mwanafunzi hupati, unaenda za binafsi. Na wa chini ya 30 msidanganyike na bima binafsi ya yuro 40 mtandaoni, ukishaomba msamaha wa ile ya umma huwezi kurudi tena kipindi chote cha masomo yako.

"Nimenyimwa viza mwezi uliopita. Rafiki yangu wa 2022 aliandika barua ya kupinga wakamwangalia upya akapata. Mimi nimetafuta pa kuipeleka sipaoni." (Aliyekata Tamaa, Morogoro)

Pole sana. Hupaoni kwa sababu haipo tena. Ile njia ya kuandika barua ya kuomba waangalie upya wameifuta dunia nzima kuanzia 1 Julai 2025. Saivi zimebaki mbili, unafungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja toka upokee barua, au unaomba upya tu, na kuomba upya hakuna muda wa kusubiri, unaweza hata wiki ijayo. Mahakama ni hela na muda, kwa mtu wa mwaka mmoja wa kubadilishana mimi naona uombe upya.

Lakini usirudishe faili lilelile! Soma sababu waliyokuandikia. Umenitumia na barua yako ya nia, nimeisoma, na samahani ntasema ukweli kwa sababu umeniomba. Inaanza na "toka utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma Ujerumani nchi yenye teknolojia ya hali ya juu". Hiyo sentensi yule mtu wa dirishani anaisoma kila siku. Ukurasa mzima hujataja somo hata moja utakalosoma. Wewe ni wa kilimo, andika: nitasoma somo fulani na fulani, hapa chuoni kwetu hayapo au yapo bila maabara, yatahesabiwa kwenye digrii yangu kwa makubaliano ya vyuo viwili haya hapa nimeambatanisha, Julai narudi mwaka wa nne nina tafiti ya mwisho. Ukurasa mmoja tu. Kwenye usaili nao watakuuliza hayohayo kwa maneno, mimi niliulizwa mji ule una mto gani, nikajua, kwa bahati tu niliangalia ramani nikiwa kwenye daladala.

Vidogo vidogo vilivyoulizwa na wengi

Kipimo cha TB na cha HIV: viza ya Ujerumani haviombwi. Cha TB ni Uingereza, kwa anayekaa zaidi ya miezi 6, ndio mnachanganya hapo. Homa ya manjano Ujerumani pia hawadai.

Kufanya kazi: mwanafunzi aliyesajiliwa anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, toka Machi 2024, ila hiyo huwezi kuiandika kwenye faili kama ndio hela yako ya kuishi, hawaikubali.

Kutembea Paris wikiendi: ruksa, viza D inakupa siku 90 ndani ya 180 kwenye nchi nyingine za Schengen. Pasipoti mkononi.

"Dada, mimi viza nimeshapata, naondoka wiki ijayo. Pale uwanjani wanauliza nini, na mama amenifungia vyakula, vinaruhusiwa?" (Mwenye Bahati, Tanga)

Nimefurahi hatimaye mmoja wa kufurahia naye.

Kwanza fungua pasipoti saivi uangalie ile stika, jina, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Usitue siku moja kabla ya tarehe ya kuanza, wanakurudisha. Kama viza inaisha kabla ya masomo yako kuisha sio kosa, ina maana utaenda ofisi ya wageni kuomba kibali cha kukaa kabla haijaisha, weka alamu ya miezi 2 kabla kwa sababu miadi zao nazo ni za kupigania. Ikiwa inakufikisha mpaka mwisho, huna haja ya kibali.

Kwenye begi la mkononi, sio la kupakia, weka barua ya chuo, karatasi ya hela, bima, anuani ya pa kulala. Askari wa mpaka aliniuliza maneno matatu tu, nini, wapi, mpaka lini, nikampa barua akagonga muhuri. Kuna ule mfumo mpya wa alama za vidole mipakani ulioanza 12 Oktoba 2025, wenye viza D hauwahusu, ukiona foleni ya mashine muulize mhudumu kwanza.

Ukishahamia chumbani una wiki 2 za kujiandikisha ofisi ya wakazi. Bila kuandikishwa huna namba ya kodi, akaunti ya benki inasumbua, hela ya Sperrkonto inakaa palepale. Mimi nilienda siku ya tatu, asubuhi na baridi yake, na pasipoti na mkataba wa chumba, nimekaa na kanamba kangu mkononi saa nzima, naitwa, yule mama ananiuliza karatasi ya mwenye nyumba. Namwonyesha mkataba. Anatikisa kichwa. Kuna karatasi nyingine kabisa, Wohnungsgeberbestätigung, mwenye nyumba anasaini kwamba kweli umehamia kwake tarehe fulani, mkataba hauhesabiki. Mwenye nyumba wangu alikuwa likizo Hispania mpaka mwisho wa mwezi. Wiki 3 nimeishi kwa yuro nilizobeba za kushika mkononi na maandazi ya mama. Wewe mwandikie mwenye nyumba leo kabla hujapanda ndege, akuachie hiyo karatasi imesainiwa pamoja na ufunguo.

Sasa vyakula vya mama. Nyama yoyote hapana, hata iliyokaushwa. Samli na maziwa hapana. Samaki mkavu ruksa mpaka kilo 20, kwaiyo dagaa wapo salama, ila funga mara tatu kwenye nailoni kwa heshima ya abiria wenzako. Asali mpaka kilo 2. Unga, mchele, viungo vilivyosagwa, majani ya chai, sijawahi kuona mtu akisumbuliwa. Matunda mabichi ndio wana vituko, bila cheti cha afya ya mimea hayaingii isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Embe dodo za Muheza ulizosema mama kakuwekea 12, zigawe hapo nyumbani kabla ya kwenda uwanjani. Nazi beba, beba nyingi, za kule zinauzwa moja moja kama dhahabu na ukiivunja unakuta imeshaoza. Na mbuzi ya kukunia iweke kwenye begi la kupakia, sio la mkononi, ule ulimi wake kwenye mashine ya uwanjani ni kisu kama visu vingine, ya kwangu ilibaki Dar.